Kutoa injini ya nitro kwenye Kyosho Inferno Neo na kufunga mota ya brashlesi, nianzie wapi?

kilosa_drift

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na magari ya rimoti, naongelea haya makubwa ya 1/8 (moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi), siyo yale ya watoto ya madukani. Nimepata Kyosho Inferno Neo ya nitro kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Chasisi imenyooka, difu zote tatu nzima, shokapu hazivuji, ila injini ndo imekwisha, ukiizungusha kwa mkono haikabi kabisa pistoni ikifika juu, na ikishapata moto inazima yenyewe. Na hata ingekuwa nzima shida ingebaki kwenye mafuta. Hapa Moro hakuna, Dar ukibahatika unakuta mtu ana kidogo cha kwake na hataki kuuza, na kuagiza nje kwa ndege ndo usiseme maana ni kimiminika kinachowaka, kila msafirishaji niliyemuuliza kakataa.

Sasa nawaza kutoa injini, tangi, ekzosi na kila kitu nifunge mota ya brashlesi (ya umeme isiyo na brashi) na betri ya lipo (lithiamu-polima). Mota ya kV ngapi (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), betri S ngapi (idadi ya seli), na kubwa zaidi mota nitaishikiza na nini, maana pale ilipokaa injini pana matundu manne tu na mwanya mrefu wa flaiwili. Kuna fundi wa bodaboda kaniambia niachane na yote hayo, nichanganye petroli na oili ya tu-stroku itawaka tu. Sitaki spidi ya sifa, nataka gari lipige jampu vizuri pale uwanjani jioni na wadogo zangu waweze kuliendesha bila kuniita kila dakika tano niwashe. Natanguliza shukrani.

plagi_moto

Mkuu petroli usiweke. Hiyo injini haina koili wala cheche. Ndani ya glo plagi kuna kawaya ka platinamu, unakapasha kwa betri wakati wa kuwasha tu, ukishatoa betri kanaendelea kuwa kekundu kwa sababu mvuke wa methanoli ukigusa platinamu unatoa joto, hiyo kemia ndo inashikilia moto mzunguko hadi mzunguko. Petroli haina tabia hiyo kwa platinamu. Mafuta ya nitro ni methanoli, nitromethani na oili, na hiyo oili ndo kilainishi pekee cha pistoni na beringi za kranki, hakuna oili nyingine humo ndani. Fundi wako yuko sahihi kwa pikipiki, kwa injini hii hapana. Ya mota nawaachia wanaojua.

fundi_kereza

Kilosa karibu sana, na umeokota gari zuri. Inferno Neo ina ndugu yake wa umeme kutoka Kyosho wenyewe anaitwa Inferno VE, sehemu kubwa ya vipuri vinaingiliana, kwa hiyo ukipata kishikizi cha mota cha VE mahali popote chukua bila kujiuliza, kazi ya nusu imeisha. Ukikosa, tunachonga.

Niseme mapema kabisa kitu ambacho naona watu wanakipuuza. Kila anayeuliza habari hizi anaanza na kV na S, na hayo ni mambo ya kununua, ukikosea unabadilisha. Gari la nitro lililogeuzwa linakufa kwenye kishikizi. Pleti ya kishikizi ikipinda hata unywele, pinioni (gia ndogo ya mota) inaanza kula spuri (gia kubwa ya difu ya katikati), unasikia mlio kama wa cherehani kavu, na ndani ya jioni moja meno yameisha. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza na akili yako ya kwanza viende pale.

Hesabu yake ni rahisi na ndo raha ya gia za modi 1 ambazo 1/8 zote za aina hii zinatumia. Kwenye modi 1 kipenyo cha kazi cha gia kwa milimita ni sawa na idadi ya meno. Spuri ya nitro ya 1/8 kwa kawaida ina meno 46, hesabu ya kwako uhakikishe. Ukiweka pinioni ya meno 14, kutoka katikati ya shafti ya mota hadi katikati ya difu ni 46 jumlisha 14 gawanya kwa 2, yaani milimita 30. Ukiweka 13 inakuwa 29.5. Kila jino moja linasogeza mota nusu milimita tu. Kwa hiyo kwenye pleti usitoboe matundu ya duara, kata matundu marefu ya milimita 4 au 5 na una nafasi ya kujaribu kuanzia pinioni ya 12 mpaka 16 bila kuchonga tena.

Sasa angalia nafasi. Mota za 1/8 zinaandikwa 4268 au 4274, maana yake kipenyo milimita 42 na urefu 68 au 74. Nusu ya 42 ni 21. Mota ikikaa milimita 30 kutoka katikati ya difu, zinabaki milimita 9 kati ya ganda la mota na mstari wa katikati wa propela shafti inayopita pembeni yake, ukitoa unene wa shafti yenyewe unabaki na kama 6. Inatosha, ila usiweke feni wala jaketi ya kupozea upande huo. Ulaze mwili wa mota upande ule ule ilikokuwa imelala injini, hapo hutagombana na kitu.

Pleti yenyewe iwe alumini ya umbo la L, unene usipungue milimita 6. Usidanganyike na pembe za mafundi wa madirisha ya alumini, zile ni nyembamba na laini, jampu la kwanza inafunguka. Kama unashuka Dar nenda Gerezani kwa wenye mashine, watakukatia kipande kutoka kwenye bamba nene, tundu la katikati la mota wakereze lisiwe la kuchimbwa kwa drili na tupa, maana mota ikikaa upande upande hata hesabu yote hiyo ya juu haina faida. Matundu ya skrubu za mota pima kwenye mota yako, nyingi za ukubwa huu ni M4, na angalia sana urefu wa skrubu, ikizidi inapenya ndani na kugusa waya za koili na mota imekwenda. Chini tumia yale yale matundu manne ya injini, skrubu za kichwa bapa zilizozama ndani ya chasisi, na gundi ya nati ya bluu kwenye kila skrubu inayoingia kwenye chuma.

Mota ndefu ya 74 ina uzito mkiani. Gari likishuka kutoka juu mkia unataka kwenda chini na unavuta pleti. Weka kitanda kidogo cha alumini chini ya mkia na ufunge kwa tai ya plastiki pana. Kama hutaki shida hiyo nunua ya 68.

Kupanga gia: kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno, sukuma mota mpaka ibane, kaza, toa karatasi. Zungusha spuri duara zima ukisikiliza, maana karibu kila spuri ina sehemu moja iliyobana kuliko nyingine, sehemu hiyo ndo uipimie. Pinioni iwe ya chuma kilichokomazwa, tundu la milimita 5, na skrubu yake ya kukazia ikae kwenye bapa la shafti.

Mwas254

Sasa wadau. Fundi ameeleza poa sana hiyo ya mount sina la kuongeza, lakini kabla ndugu yetu aanze kutumia pesa nataka nimwambie kitu. Mimi napenda nitro, ile sauti na moshi hakuna stima itakupa, na injini ambayo compression imeenda inaweza kuwekewa pistoni na sleeve mpya ikarudi. Lakini kwa sababu anasema mafuta hakuna sitabishana, injini nzima bila mafuta ni pambo.

Mahali naona watu wanakosea ni kuchagua betri ya 4S. Mzee weka 6S. Nguvu ni volti mara ampea, ukipandisha volti ampea zinashuka kwa kazi ile ile, waya zinapoa, ESC (kile kifaa cha kudhibiti mota) inapoa. Chukua mota ya kV ndogo kama 1650, 6S ni volti 22.2, unapata mizunguko karibu elfu 36 na mia sita kwa dakika, na gari inatulia joto. Hapa Nairobi tunakimbiza hivyo kwa murram mchana wa jua na hakuna kitu inaungua.

fundi_kereza

Mwas hoja yako ya joto ni ya kweli kabisa na siipingi. Ila angalia gari lenyewe na anayeliendesha. Neo ilitengenezwa kwa injini ya .21 (ujazo wa inchi za ujazo 0.21) ambayo nguvu yake inapanda taratibu kupitia klachi, klachi inateleza kidogo kabla ya kushika. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote ukiwa bado umesimama. Propela shafti, vikombe vya difu na pinioni za ndani ya difu vyote vinapigwa nyundo ambayo havikuizoea, na kwa 6S hiyo nyundo ni rahisi sana kuwa kubwa kuliko unavyohitaji. Halafu betri ya 6S ni seli mbili zaidi za kubeba kwenye chasisi ambayo haikupangwa hivyo.

Nimpigie hesabu ya 4S mwenyewe aone. 4S ni volti 14.8, mota 2200kV, mara hizo ni mizunguko 32,560. Pinioni 14, spuri 46, difu za mbele na nyuma chukua kama 3.3 kwa 1, tairi milimita 112. Inatoka kama kilomita 63 kwa saa kwenye karatasi, bila kuhesabu mzigo. Weka pinioni ya 13 inakuwa kama 59. Kwa uwanja wa mpira na watoto pembeni hiyo tayari ni nyingi. Mota hiyo hiyo ukiipa 6S inafika 95, na hapo hatuongelei mchezo tena.

Mwas254

Sawa nimekuskia. Na kweli hiyo ya wadogo wake nilikuwa nimeruka. 4S basi, lakini aweke feni kwa ESC na kwa mota, hiyo sitarudi nyuma.

bint_seif

Assalaam aleikum. Niko Muscat, ndugu zangu wananitumaga vitu hivi kila nikija Unguja, kwa hiyo niongeze la usafiri maana hili linaamua S kuliko mnavyodhani. Betri ya lithiamu ya akiba hairuhusiwi kabisa kwenye begi la kupakia chini ya ndege, ni begi la mkononi tu, teminali zimefunikwa. Na kipimo ni wati-saa. Hadi 100 unabeba bila kuomba ruhusa, ukipita 100 mpaka 160 lazima shirika la ndege likubali kabla. 4S ya 5000mAh ni 14.8 mara 5, yaani 74, unapita. 6S ya 5000 ni 111, hapo unaanza kuomba. Betri iwe na maandishi yanayosomeka ubavuni, ikiwa imebanduka stika wanaichukua na huna la kusema. Mota na ESC havina tatizo lolote.

Kaka Kilosa, kwa mwanzo tafuta mtu akuletee ESC ya 1/8 ya ampea 150 isiyoingia maji, Hobbywing wana Quicrun 8BL150 ambayo watu wengi wanaitumia kwa kazi hii hii, ni ya bila sensa, ngumu, haina mambo mengi. Betri ninakushauri za ganda gumu, zile laini zikipigwa na jiwe chini ya gari ni hatari.

kilosa_drift

Dah wakuu nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea, asanteni sana na dada bint_seif ubarikiwe, hiyo ya wati-saa sikuwahi kuisikia popote. Nimehesabu spuri ni 46 kweli. Nimekubali 4S, mota ya 4268 ya 2200kV, pinioni nitaanza na 13.

Sasa nisaidieni haya: rimoti iliyokuja na gari nitaendelea nayo? Ile servo ya pili ya kabureta na breki naitoa? Breki zile za diski je? Na kale kaboksi ka betri nne za risiva nikaache?

fundi_kereza

Rimoti kama ni ya 2.4 GHz baki nayo. Kama ni ile ya zamani ya 27 MHz yenye antena ndefu ya kuvuta ibadilishe, mota kubwa inatoa kelele za umeme na hutaki gari la kilo tatu na ushee lipoteze mawasiliano likiwa linakuja kwa watu. Kwenye rimoti mpya panga usalama wa mawasiliano yakikatika, throto iende katikati au breki. Kwenye nitro tulikuwa tunapanga servo ivute breki, huku ESC ndo inayopokea amri hiyo.

Servo ya kabureta toa pamoja na fito zake zote, iweke akiba. ESC inachomekwa kwenye chaneli ile ile iliyokuwa na servo hiyo, ya pili. Servo ya usukani inabaki.

Betri za risiva toa kabisa usiziache. ESC ina BEC ndani yake, inalisha risiva na servo. Ukiacha na zile betri, una vyanzo viwili vya umeme vinasukumana kwenye waya mmoja na kimoja kitaungua. Angalia BEC iwe volti 6, servo nyingi zilizokuja na magari ya nitro hazikutengenezwa kwa 7.4.

Breki za diski toa pedi, diski na mikono yake, mota yenyewe ndo breki na inashika vizuri sana, anza na asilimia ndogo kwenye programu ya ESC vinginevyo gari linapinduka mbele. Ukitoa diski chunguza vikombe vya difu ya katikati kama havichezi mbele nyuma, kama vinacheza weka shimu (washa nyembamba) kidogo. Na wakati difu hiyo iko mezani ifungue. Oili ya silikoni ya difu hiyo kwenye nitro mara nyingi ni ya uzito wa kama 5000, weka 10,000, vinginevyo ukibonyeza triga matairi ya mbele yatazunguka hewani yenyewe yakivimba na nguvu yote inapotea huko.

Betri ikae upande wa pili wa propela shafti, kinyume na mota, chini kabisa na karibu na katikati. Kujua kama umepatia, inua gari kwa bisibisi mbili, moja mbele moja nyuma, zote kwenye mstari wa katikati wa chasisi, na gari likiwa limekamilika na betri ndani. Litaegemea upande mzito. Sogeza betri mpaka likae sawa. Gari lisilo na mizani linaruka likiwa limelala ubavu na hakuna shokapu itakayokuokoa.

plagi_moto

Kabla ya kufunga chochote osha chasisi. Oili ya mafuta ya nitro imeingia kila kona na inashika vumbi, na ikibaki kwenye beringi na methanoli ilikaa humo muda zinakuwa na kutu. Zitoe moja moja uzungushe kwa kidole, inayokwaruza badilisha, tumia zenye kifuniko cha mpira. Kufunga gia mpya juu ya beringi mbovu ya difu ya katikati ni kupoteza pinioni.

Mwas254

Kwa lipo sikiza kwa makini kaka. Chaji kwa balansi (seli zote zijae sawa), ampea sawa na uwezo wake, 5000mAh ni ampea 5. Usiiache ikichaji na wewe uko kitandani, weka juu ya simiti mbali na pazia. Kwa ESC weka ikate kwa volti 3.4 kila seli, hiyo ni 13.6 kwa 4S. Ukimaliza kucheza na hautachezea wiki nzima, iweke kwa 3.8 kila seli, usiihifadhi ikiwa imejaa. Ikivimba hata kidogo imestaafu, usiitoboe.

Na joto, nunua kile kipimajoto cha bunduki. Baada ya dakika tano simama upime ganda la mota. Ikipita digrii 80 punguza jino moja kwa pinioni, usibishane nayo.

kilosa_drift

Nimeelewa. La mwisho wakuu. Ule mwanya wa flaiwili chini nikiuacha wazi si utasaidia kupitisha hewa ya kupoza mota? Na ikitokea nikibonyeza mbele gari likaenda nyuma nafanyaje?

fundi_kereza

Usiuache. Tairi za mbele zinarusha changarawe moja kwa moja kwenye huo mwanya, na kokoto moja ikiingia kati ya pinioni na spuri kwa mizunguko elfu thelathini imeng'oa meno. Ziba kwa bamba jembamba la alumini kutokea juu, skrubu mbili fupi, pembeni paka silikoni. Hewa ipate njia kwenye bodi: tundu kubwa la kichwa cha injini liwekee wavu, halafu kata la kutokea nyuma, hewa iingie mbele na ipate pa kutokea.

Likienda nyuma, mota isiyo na sensa unabadilishana waya mbili zozote kati ya zile tatu nene, basi. Yenye sensa usiguse waya, A kwa A, B kwa B, C kwa C, mwelekeo unabadilisha kwenye programu. Mara ya kwanza kabisa kuwasha fanya bila pinioni, au angalau bila matairi, ukishafundisha ESC mwisho wa throto, mwisho wa breki na katikati. Usishike gari mkononi ukabonyeza throto yote matairi yakiwa hewani, yanavimba mpaka gundi inaachia ringi na kipande kinaruka usoni.

bint_seif

Kaka ukishapata kipimo cha matundu manne ya injini yako niandikie humu, katikati hadi katikati, kwa kalipa siyo kwa rula. Naja Unguja mwezi ujao na kuna mtu hapa ana kishikizi cha VE cha akiba, tukiona kinalingana nitakuja nacho, usikate alumini kwanza.